Aliyemlea Mtani

Orodha ya watengenezaji wa mchezo wa Matanga, toleo la nne, ina majina mia mbili na kumi na sita. Nimeyasoma yote, moja moja, nimekaa kitako sakafuni nyumbani kwangu Kihonda, kilemba cha kuchezea kimenibana kichwani. Yumo mpishi wa kantini. Yumo mlinzi wa getini aliyeacha kazi kabla hatujaanza kutengeneza chochote. Yumo Kachumbari, ambaye ni paka. Mimi simo.

Mahali pa mtunzi pameandikwa: Kinu.

Kinu ni mashine. Nasema mapema ili mtu asidhani ni jina la ukoo. Kiko chumba cha chini cha jengo la Upeo, hapa hapa Morogoro, na kazi yake ni kutwanga. Unakitilia kumbukumbu za mtu, kinazitwanga, kinakutolea mhusika hai: anayefikiri, anayejifunza, anayekujibu maneno ambayo hakuna aliyemwandikia. Kumbukumbu hizo tunaziita mbegu. Bila mbegu, Kinu kinatwanga hewa.

Na mbegu ya Mtani, mhusika mkuu wa Matanga, niliitia mimi, Yustina Mkude, kwa kichwa changu hiki, nikakaa na huyo Mtani miaka sita nikimfundisha, nikimkosoa, nikigombana naye kuliko nilivyowahi kugombana na mume. Halafu ananipita paka.

Kama hujacheza Matanga, ni hivi. Ukivaa kilemba unajikuta umefika msibani. Hakuna bunduki, hakuna mbio za magari. Kuna nyumba yenye msiba, siku saba, na wewe ni mgeni. Utateka maji, utamenya ndizi, utaamua ugomvi wa ndugu wawili wanaogombea cherehani. Siku zote hizo kuna Mtani, yuko pembeni tu, anakula, anatukana watu, anakuangalia. Siku ya saba anasimama mbele ya wafiwa wote, anavaa nguo zako, anakuiga wewe. Si sura. Sura kila mashine inaweza. Anaiga unavyogeuza uso mtu akianza kulia. Anaiga unavyokubaliana na kila upande. Watu milioni kumi na moja wameigwa. Wapo waliozima mchezo wakanuna wiki nzima. Mama mmoja wa Singida aliniandikia kwamba baada ya kuigwa alimpigia simu dada yake, na walikuwa hawajasemezana miaka tisa.

Nikavua kilemba, nikatoka na kandambili zangu hivyo hivyo, nikaenda Upeo.

*

Gosbert Rwechungura na mimi tulianzisha Upeo miaka kumi na minne iliyopita, chumba kimoja cha kupanga Msamvu, nyuma ya gereji, tukipokezana kilemba kimoja. Mimi natengeneza, yeye anachapisha na kuuza. Ndivyo tulivyogawana, na hatukuwahi kuandikiana karatasi, maana tulikuwa marafiki, na rafiki ukimwekea karatasi mezani unaonekana una nia mbaya. Leo ana ofisi yenye ukuta wa kioo unaotazama mlima.

"Dada Yusta, kaa."

"Sikai. Jina langu liko wapi?"

"Umeliona toleo."

"Nimemwona paka."

Akacheka kidogo. Alipoona sicheki naye akaacha. Gosi hajawahi kuinua sauti tangu nimfahamu, na siku hiyo hakuinua pia. Alinivutia kiti, akakaa yeye mwingine, akaanza kunieleza kama unavyomweleza mgonjwa.

Iko hivi: tangu ipite Sheria ya Wahusika Hai, mtu akiandikwa kuwa ndiye asili ya mhusika, sheria inamwita mzazi wake. Mzazi ndiye mwenye neno la mwisho. Huwezi kumhamisha mhusika hai kutoka kazi moja kwenda nyingine bila ridhaa ya mzazi, kama usivyoweza kumhamisha mtoto shule kimyakimya. Lakini kama mzazi ni mashine, ridhaa inatoka kwa mwenye mashine. Na mwenye Kinu ni Upeo.

"Kuna kampuni inaitwa Tathmini," Gosi akasema. "Wanapima wafanyakazi. Wanamtaka Mtani."

"Wamfanyie nini? Wao wana msiba?"

"Atakaa ndani ya mashine ya mfanyakazi, mwezi mmoja. Ataangalia anavyoandika, anavyojibu, anavyochelewa. Mwezi ukiisha anakwenda kwa bosi, anamwiga. Bosi anauliza: nikimnyima likizo atafanyaje? Mtani anamwonyesha. Nikimpa ukubwa ataiba? Anamwonyesha."

"Na mwenyewe anayeigwa atakuwepo?"

"Hapana. Ikiwa hivyo haina maana tena."

"Atajua?"

"Atakuwa amesaini. Kwenye mkataba wa ajira, huko ndani."

Nilimfikiria Mtani wangu, na ulimi wake ule, amekaa ofisini kwa bosi mlango umefungwa, anamwiga msichana wa mapokezi.

"Ungeniuliza ningekubali?" nikamwuliza.

"Usingekubali. Ndiyo maana mtunzi ni Kinu."

Alilisema hivyo hivyo, bila haya, na nadhani hilo ndilo lililoniuma kuliko toleo lenyewe. Hakuwa amenisahau. Alinifikiria vizuri sana, akanifuta.

Akaniambia ataniandika mshauri mwandamizi wa utamaduni. Nikamwambia cheo hicho ampe Kachumbari, ana uzoefu zaidi.

"Yusta, tuongee kama watu wazima. Kinu ndicho kilichomfanya Mtani. Wewe ulitia nini? Siku tatu za msiba."

"Msiba wa mama yangu, Gosi."

Alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza. Akageuka akautazama mlima, kisha akasema, "Basi nenda Baraza la Uasili, wapime asili ya Mtani. Ukishinda nitaliandika jina lako kwa herufi kubwa kuliko zote. Ukishindwa, tusisumbuane tena."

Tukaachana hapo. Sikupewa mkono na mimi sikuutoa.

*

Fomu ya Baraza la Uasili ina maswali manane. La nne linauliza chanzo cha mbegu. Nikaandika: kumbukumbu za mdai mwenyewe. Sikufikiri mara mbili. Kichwa kilichovaa kilemba si changu? Mama aliyekufa si wangu?

Niliambiwa nifike Dodoma Jumatano, saa nne asubuhi. Nikakata tiketi ya treni, na nilipofika stesheni nikamkuta Bi. Kalekwa amekwishakaa kwenye benchi, kajifunga kitenge cha safari, chupa ya chai mapajani.

"Hujafa tu?" akaniuliza.

"Nasubiri wewe unitangulie, kizee cha Urambo. Umekuja kufanya nini?"

"Nimekuja kukuona ukishindwa. Nikilikosa hilo nitakufa na kinyongo."

Bi. Kalekwa Shija anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Ana miaka sabini na moja, ni fundi cherehani, na ni Mnyamwezi. Mimi Mluguru. Sisi ni watani tangu enzi za wazee wa misafara, kwa hiyo ananiambia lolote na mimi namwambia lolote, na hakuna wa kukasirika. Ananiita mtumwa wake. Hajawahi kunisalimia kama mtu anavyosalimiwa, na mimi sijawahi kumwamkia. Akinipa kitu simshukuru. Kwa mtani hakuna asante. Ukimshukuru umemfanya mgeni.

Kwenye treni alianza na viatu vyangu, kwamba nani amenifunga kamba. Akaja kwenye siti yangu, iliyotazama nyuma.

"Waluguru kwa kupenda kurudi nyuma," akasema. "Mlima umewaharibu. Kwenye tambarare mnaona kizunguzungu."

"Nyamaza. Babu zako walitoka Tabora mpaka pwani na pembe kichwani, wewe leo unabebwa. Sema haleluya."

"Pembe tulibeba. Nyie mlikuwa mmejificha kwenye migomba mnachungulia." Akanimiminia chai. "Kunywa. Umekonda kama sindano yangu. Utasimamaje mbele ya watu, upepo utakuchukua."

Nikanywa. Sikuwa nimekula tangu jana yake. Akatoa maandazi, akanihesabia matatu, akakaa ananitazama mpaka nikamaliza.

"Kwani huyo Mtani wako anaigaje?" akauliza. "Kihonda nzima inamsema, mimi sijamwona."

"Si uvae kilemba umwone."

"Kivuruge nywele zangu? Nimesuka Jumapili."

Nikacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu toleo lile litoke. Nakumbuka niliwaza kwamba huyu mama hajui ninavyompenda, na kwamba sina namna ya kumwambia bila kuharibu.

Ndiye aliyekuja asubuhi mama yangu alipokufa. Miaka saba sasa. Watu wamekaa kimya, hakuna anayejua pa kuanzia. Akaingia, akachukua kitenge cha mama kwenye kamba ya nguo, akajifunga, akavaa miwani ya mama, akakaa kwenye kigoda cha mama mlangoni, akaanza kupokea wageni kama kwamba yeye ndiye marehemu. Siku tatu alifanya hivyo. Watu walilia mpaka wakacheka, wakacheka mpaka wakalia tena. Bila yeye mimi nisingetoka chumbani.

Na wiki tatu baadaye, Kinu kilipotaka mbegu, nilivaa kilemba nikazikumbuka siku hizo tatu mwanzo mpaka mwisho.

*

Ukumbi wa Baraza ni mdogo kuliko unavyodhani, una viti vya plastiki na feni mbili. Gosi alikuwa mstari wa mbele na mwanasheria wake, kijana nadhifu mwenye kikohozi. Bi. Kalekwa alikaa mstari wa pili, upande wangu. Msajili alikuwa Bw. Machano Vuai, mzee wa Kipemba, mpole, mwenye kusema taratibu kama anayesomesha chuo.

Alitueleza kipimo chenyewe. Mhusika hai anawekwa kwenye Ungo. Ungo ni mashine pia, ya serikali, nayo inapepeta: inatoa kila alichojifunza mhusika baada ya kuzaliwa, tabaka kwa tabaka, mpaka ibaki mbegu peke yake. Mbegu haina akili ya kudanganya. Ina jambo moja tu inalolijua, nalo ni mtu iliyetoka kwake. Inaombwa mara tatu imwige mtu huyo. Ikikaa kimya mara zote tatu, asili ni mashine. Ikiiga, Baraza linaandika jina.

"Na muelewe," akasema Bw. Vuai. "Kumbukumbu ya mzee wenu aliyefariki ni ya familia, mdai anaweza kuidai. Lakini kazi ya mtu aliye hai ni ya huyo mtu, hata kama mwengine ndiye aliyeikumbuka."

Nikaitikia kwa kichwa. Nilisikia maneno yale vizuri kabisa, na hayakunigusa.

Wakamwasha. Mtani akasimama katikati ya ukumbi, mwili wa nuru, mikono kiunoni, akatazama huku na huku akitafuta wa kumtukana. Ungo ukaanza. Ilichukua dakika ishirini, na sikupenda kuangalia. Milioni kumi na moja wakamtoka. Kila walipomtoka alipungua: mikono ikashuka, mdomo ukafunga, uso ukawa si wa mtu yeyote. Miaka yangu sita nayo ikatoka humo humo. Sikujua kwamba na mimi ningepepetwa.

"Muige aliyekulea," Msajili akasema.

Kimya. Feni zinazunguka.

"Muige aliyekulea."

Kimya tena. Mwanasheria wa Gosi akafungua mkoba wake kuanza kupanga karatasi.

"Muige aliyekulea."

Mtani akakaa. Hapakuwa na kiti, lakini alikaa, chini chini, magoti yamepanda, kama mtu aliye kwenye kigoda. Akasukuma miwani ambayo haikuwepo. Kisha akaongea, na ilikuwa sauti ya mama yangu.

"Karibuni, karibuni. Mimi ndiye marehemu. Msilie kwa nguvu, jirani ana mtoto mchanga. Nani kafunika sufuria hilo? Nimekufa jana tu, tayari mnafunika wali haujakauka maji. Yustina, toka hapo mlangoni, unalia huku unachungulia nani kaja na nani hakuja."

Nilishika ukingo wa meza. Upande wa pili Gosi alikuwa amefunga macho. "Mama Mkude," akasema, kwa sauti ambayo mwanasheria wake aliisikia na Msajili pia. Kijana akataka kusimama apinge, Gosi akamshika mkono akamkalisha. Hapo nilijua Gosi amesalimu amri.

"Bi. Mkude," Msajili akasema. "Sauti hii waijua?"

"Ni ya mama yangu mzazi. Amefariki."

"Mungu amrehemu. Lakini anasema amekufa jana. Maiti haikai mlangoni ikapokea wageni. Hapa yupo mtu anamwiga marehemu, na mbegu imetoka kwa huyo mtu, haikutoka kwa marehemu. Kama ni wewe ndiye uliyemwiga, hata kwa kuwaza tu kichwani mwako, useme, nami jina lako naliandika hivi sasa. Kama ni mwengine, umtaje. Ni nani?"

Nikageuka.

Bi. Kalekwa alikuwa ameweka kiganja mdomoni tangu Mtani alipokaa. Sasa alikiondoa, akainamia chupa yake ya chai, akaanza kukaza kifuniko. Kifuniko kilikuwa kimekazwa tayari.

Neno lilikuwa moja tu. Mimi. Mtu gani angebisha? Gosi alikuwa amekwishakubali. Bi. Kalekwa asingebisha, namjua. Mtani wako atakuvua nguo mbele ya wenu lakini hawezi kukuaibisha mbele ya watu baki. Nikisema mimi, Tathmini wanafungasha virago, na yule msichana wa mapokezi anafanya kazi yake kwa amani, na wengine kama yeye nchi nzima. Nikisema yeye, mzazi anakuwa yeye. Gosi anajua kuongea na akina mama. Atamwamkia, atamwita mama, atamtafutia kiti chenye mto, na kabla ya chakula cha mchana atakuwa amepata saini yake.

Sababu hizo zilikuwa nzuri, na nilizipitia zote. Ya kweli ilikuwa nyingine. Nililitaka jina langu. Nililitaka mno. Miaka sita nimelala na kuamka na Mtani nikiamini kwamba mdomo ule ni wangu, na nilikuwa nimezunguka mji mzima nikiwaambia watu kwamba nimeibiwa.

"Bi. Mkude?"

"Ni yule pale," nikasema. "Bi. Kalekwa Shija. Mwenye chupa ya chai."

*

Walimwita mbele. Alikwenda na chupa yake. Bw. Vuai akamsomea haki za mzazi, akamwuliza kama kweli alimwiga marehemu, na katika shughuli gani.

"Msiba wa Mama Mkude," akasema. "Mimi mtani wao."

Gosi alisimama kabla hajaambiwa. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Akamweleza kuhusu Tathmini, kwa upole wote, na alieleza vizuri, sikutegemea vingine. Kwamba kazi itapata watu wanaofaa. Kwamba wavivu watajulikana. Kwamba jina lake, Kalekwa Shija, litakuwa kwenye kila ofisi kuanzia Bukoba mpaka Mtwara. Bi. Kalekwa alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Huyo anayeigwa," akasema, "atakuwa amekaa pale anasikia?"

"Hapana, mama. Taarifa ni ya bosi."

"Ndugu zake je, watakuwepo?"

"Hapana."

"Basi huo ni umbea, baba. Mtani anamwiga mtu mbele ya macho yake, au akishakufa mbele ya watu wake. Mgongoni hatumwigi mtu." Akamgeukia Msajili. "Andika kwamba nimekataa. Mchezo wa msiba uendelee, huo una adabu yake. Kwenye maofisi asiende."

Bw. Vuai akaandika. Gosi akakaa. Sikuwa na furaha niliyodhani ningekuwa nayo.

"Mzazi ana ruhusa ya kumtaja fundi," Msajili akasema. "Yule aliyeifanyia kazi mbegu yako mpaka ikawa mtu. Si lazima. Yuko wa kumtaja?"

Nikaitazama miguu yangu.

"Yuko. Andika Bi. Yustina Mkude. Kazi ya mikono ni yake yeye, asinyimwe."

Likaandikwa. Kwenye skrini ukutani nikayaona majina yangu yote mawili, yamepigwa muhuri wa serikali ambao Upeo hawawezi kuufuta, wala mtu mwingine yeyote. Ndicho nilichokuwa nimekuja kukitafuta.

Kanuni za Baraza zinataka kumbukumbu za kikao zisomwe kabla ya kusainiwa. Karani alisoma haraka haraka, bila nukta, kama wanavyosoma wote. Mdai alidai hiki, mdaiwa alijibu hiki, Ungo ulipepeta dakika ishirini, mbegu iliiga mara ya tatu. Mdai aliulizwa amtaje aliyeiga. Mdai alinyamaza kwa sekunde arobaini na moja. Mdai akamtaja Bi. Kalekwa Shija.

"Rudia hapo," Bi. Kalekwa akasema.

Karani akarudia.

"Arobaini na moja."

"Ndiyo, mama. Mashine inahesabu yenyewe."

Akachukua kalamu, akasaini taratibu, kwa mwandiko wa mtu aliyesoma shule ya masista.

*

Gosi alitupita kwenye ngazi. Alimuaga Bi. Kalekwa kwa heshima, mimi akaniambia toleo la tano litatoka na majina kama yalivyoandikwa. Nikajua atalitoa, maana neno lake kwenye mambo ya karatasi huwa halivunjiki. Akaingia kwenye gari na mwanasheria wake. Hatujaonana tena.

Tulibaki wawili, jua la Dodoma limesimama utosini, na treni ya kurudi bado saa moja na nusu.

"Ile fomu," nikaanza. "Sikufanya makusudi. Mtani haandikwi kwenye karatasi, kama asivyoshukuriwa. Unajua mwenyewe kwamba mtani haandikwi."

"Fomu si neno," akasema. "Ningeijua tangu mwanzo nisingesema kitu. Miaka yote hiyo watu wanatukanwa kwa mdomo wangu, na mimi niko chumbani nakata vitambaa. Mbona ni raha hiyo. Ningecheka peke yangu mpaka nife."

"Sasa?"

Alikuwa anatafuta miwani yake ya jua kwenye pochi, akaipata, hakuivaa.

"Yule mzee alipokuuliza ni nani, mimi nilikuwa nimekwishaanza kunyanyuka kwenye kiti. Nilijua unanitaja, hata hajamaliza swali. Ikabidi nikae tena. Nikakosa pa kuweka macho. Nimeketi pale nakaza kifuniko, nakaza, najiambia, ngoja, atasema sasa hivi. Atasema sasa."

"Nilikutaja, Bi. Kalekwa."

"Ulinitaja. Na mimi nimekutaja."

Ningeweza kulia pale ngazini, na ningelia, lakini nilijua dawa ya hali ile ni moja tu, niliyoijua tangu nikiwa mtoto. Nikachukua chupa ya chai mkononi mwake, nikaiweka kichwani kwangu kama mzigo.

"Haya, kizee cha Urambo," nikamwambia. "Shika njia. Leo Mluguru ndiye anabeba, wewe utembee mikono mitupu kama bibi harusi. Ukianguka hapo ngazini nitakuacha, nikawaambie umeolewa na Mgogo."

Nikasubiri.

Alinitazama vizuri, usoni, kama vile anataka kukumbuka jambo. Kisha akatabasamu, tabasamu zuri kabisa, la mtu aliyepishwa mlangoni.

"Asante, Bi. Mkude," akasema. "Umejisumbua bure, ningeibeba mwenyewe. Asante sana."